Ongeza Bidii

Shoga, uko wapi?

Asubuhi nimefungua ofisi kama kawaida, nikafuta mizani, nikapanga madaftari ya wanachama. Mara bosi huyo, kabeba friji ndogo. Eti kuanzia leo klabu yetu ya kupunguza mwili inauza zile sindano mpya za kupunguza uzito. Zilezile alizokuwa akiziita dawa za wavivu!

"Wewe tabasamu tu," akaniambia. "Sema njia ni ileile, tumeongeza msaada."

Wa kwanza kupanda mizani akawa yule mwalimu mstaafu niliyekusimulia. Miaka sita anaandika kila tonge analokula, na uzito haushuki. Na kila wiki mimi, kwa mkono wangu huu, namwandikia kwa wino mwekundu: ONGEZA BIDII.

Nikamwambia maneno ya bosi kama kasuku. Akaniangalia weee.

"Kwa hiyo siku zote mwili ulikuwa unahitaji dawa?"

Bosi akadakia, "Mama, tusifukue ya zamani! Wewe tutakupunguzia bei."

Mwalimu akafungua daftari lake. Kurasa nyekundu tupu, shoga. Zote mwandiko wangu.

"Sindano nitaifikiria," akasema polepole. "Kwanza mtu aniambie kama nilikuwa mvivu."

Bosi kanikazia macho, kazi yangu naiona ile inaondoka. Na unanijua, mimi hata kuomba chumvi mezani naona haya.

Nikasikia sauti, kumbe yangu:

"Hukuwa mvivu, mama. Tulikukosea. Mimi nilikukosea."