Nilimwita Mama Mkwe Jirani

Jumamosi usiku, Agosti 1996

Nimemkana mama mkwe wangu mbele ya mgeni, na alinisikia.

Mwalimu wa Kijerumani wa binti yangu Aneth alipanda kutoka mjini leo, kuniuliza kama naridhia mtoto aende kwao Ujerumani mwaka mzima. Mama akatokea kwenye migomba na kanga yake iliyotoboka, mavi ya ng'ombe miguuni, akamsalimu kwa Kichagga. Nikaona aibu. Nikaogopa nafasi ya Aneth itapotea.

"Huyu ni bibi?" mwalimu akauliza.

"Hapana, ni jirani. Ananisaidia ng'ombe."

Aneth akainamisha kichwa tu.

Mwalimu akaeleza kwamba serikali yao ndiyo inalipia kile kituo cha lugha anakosoma Aneth, walimu, vitabu, hata sherehe za ngoma, ili vijana wetu waipende lugha ya Wajerumani. Mimi ya kwetu nimeifukuza sebuleni bila kulipwa na mtu.

Aneth kapata nafasi. Nilidhani nitafurahi.

Jioni nilimpelekea mama mtori wa ndizi. Hakuugusa. Akaniambia kwa Kiswahili, yeye ambaye hapendi kabisa kukisema: "Asante, jirani."

Nimekata jani la isale. Hapa kwetu ukimpelekea mtu jani hilo, hawezi kukunyima msamaha. Ndiyo maana najisikia vibaya zaidi, kama namlazimisha.

Jumatatu nitashuka kwanza mjini, nimwambie mwalimu yule mama ni nani. Na kama nafasi itapotea, Mungu wangu...

Jani nimelitia kwenye maji, lisubiri.