Ekseli ya Kushoto na Shemeji Anayejua Kila Kitu

Jumapili, Katesh. Upepo haujapumzika tangu asubuhi. Huko kwenye mashamba ya ngano ya serikali wanavuna, na makapi yanaruka mpaka huku kwetu, yanaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye mashuka. Mlima umejifunika wingu. Mabega yananiuma na moyo umejaa dharau. Afadhali niiandike kuliko kulala nayo.

Dharau yangu ina jina. Anaitwa Bura, mdogo wa marehemu mume wangu.

Bura ni msimamizi wa karakana ya shamba. Anavaa ovaroli iliyopigwa pasi, na sijawahi kuiona na doa la grisi. Tangu tumzike kaka yake, hajaniuliza hata mara moja watoto wamekula nini. Anachouliza ni gari.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu aliyoiacha mume wangu. Naliendesha mwenyewe. Siku za mnada napeleka watu na mizigo Basotu, narudi na samaki. Ndiyo ada ya shule hiyo, ndiyo unga, ndiyo sabuni. Bura anasema gari si kazi ya mwanamke, halafu anaomba lifti kwa huyo huyo mwanamke.

Siku za karibuni gari lilianza kuvuma kwa nyuma, kama mashine ya kusaga unayoisikia kwa mbali. Nikadhani tairi. Nikabadilisha tairi. Mvumo haukujali.

Alhamisi nikitoka Basotu, Bura alikuwa amekaa mbele pembeni yangu. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

“Hiyo giaboksi, shemeji. Imekwisha. Jumapili wazee wakikaa nitawaambia gari lije kwangu, kabla hujaua watu.”

Aliisema kwa sauti tamu kabisa. Nikaelewa kwa nini kikao cha ukoo kimeitishwa.

Tulipofika mteremkoni nikaweka gia huru, gari likateremka lenyewe. Mvumo uko palepale. Kona ya kulia ukapanda, kona ya kushoto ukanyamaza. Giaboksi haijui kona. Kinachojua kona ni gurudumu, na ukikata kulia uzito wote unaegemea kushoto.

Nikasimamisha gari. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa la moto, na oili imelowanisha tairi kwa ndani. Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Likacheza. Kok, kok, kama jino bovu. Beringi ya ekseli, ule mhimili unaozungusha gurudumu, imekufa, na ikiwa imekaa hivyo muda mrefu, basi na ekseli yenyewe imeshalika.

Bura hakushuka. Alitoa kichwa dirishani, viatu vyake visije vikapata vumbi.

“Usijisumbue, shemeji. Mambo hayo yana wenyewe.”

Mtu mzima. Msimamizi wa karakana. Nilirudi nyumbani polepole kama nimebeba mayai, na njia nzima alikuwa ananieleza habari za matrekta makubwa aliyoyafungua. Kama kweli aliyafungua, naomba Mungu kuna mwingine aliyeyafunga.

Ijumaa nilipanda lori kwenda Bashay kwa Mzee Tluway, aliyekuwa dereva mwenzake mume wangu. Ana pikapu kama yangu nyuma ya zizi, ilikufa injini zamani, sasa kuku wanataga humo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Watoto hawajambo?”

Hilo tu. Swali moja, na nikakumbuka kwamba wapo wanaume wa namna nyingine. Nilipomweleza shida alisema marehemu aliwahi kumkimbiza hospitali mke wake yeye mzee, basi niingie uvunguni nichukue ninachotaka. Kutu ilikuwa imeshika. Tulimwagia oili, tukasubiri, tukavuta, kuku wakapiga kelele kana kwamba tunawaibia watoto. Mwishowe ekseli ikatoka na beringi yake. Nikaizungusha karibu na sikio. Kimya. Kwenye lori la kurudi watu waliliangalia gunia langu refu wakidhani nimebeba bunduki. Sikuwakatalia.

Jana asubuhi nilianza kazi uani. Mama mkwe alikuja, akakaa kwenye kigoda, akanitazama. Nikawaza: ametumwa na mwanawe aje aone ninavyoshindwa. Nakiri, na yeye nilimpa sehemu yake ya dharau.

Dramu ya breki iligoma mpaka nikaigonga kwa kipande cha gogo. Nikafungua nati, nikavuta ekseli. Beringi ikamwagika mkononi mwangu vipande vipande. Yale meno ya mwisho yanayoingia kwenye difu, lile bakuli la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, yalikuwa yamelika, yamekuwa membamba kama kisu kilichonolewa miaka mingi. Nililinganisha urefu wa ekseli mbili kwa kamba, zikalingana. Nikaweka sili mpya ya kuzuia oili iliyokuwa kwenye kopo la marehemu, nikaingiza ile ya Bashay.

Ikakataa.

Nikazungusha kidogo, nikasukuma. Ikakataa. Nikatoa neno ambalo mkwe hapaswi kulisikia.

Mama mkwe akainuka. Nikajua ndiyo basi. Akaja akachuchumaa pembeni yangu, nati zote amezikusanya kwenye pindo la kanga.

“Hata marehemu alikuwa anatukana akifika hapo,” akasema.

Nikacheka. Halafu nikalia kidogo, nikasingizia oili imeniingia machoni. Nikaizungusha tena kidogo, ekseli ikaingia. Alinipa nati mojamoja mpaka ya mwisho.

Leo wazee walikaa. Bura alisimama akahutubia habari za giaboksi kwa muda mrefu sana, mikono nyuma, kama anafungua mkutano wa kijiji. Gari ni hatari. Gari lije karakana. Mama mkwe akamwacha amalize.

“Twendeni basi tukaisikilize,” akasema, akapanda mbele. Wazee wakapanda nyuma. Bura akabaki na nafasi yake: nyuma, juu ya magunia yenye harufu ya samaki, na ovaroli yake ya pasi.

Nikaenda mpaka njia panda ya mashambani, nikageuza, nikarudi kwa mwendo mzuri. Kona ya kulia, kona ya kushoto. Husikii kitu ila upepo. Tuliposhuka Bura akajifuta makapi.

“Bado kuna sauti kidogo,” akasema.

“Hiyo ni sauti yako,” mama yake akamjibu.

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Gari linabaki kwangu, wamesema mbele ya wote. Bura aliondoka kwa miguu, peke yake, bila kuaga.

Nilidhani furaha itanijaa. Imekuja, sikatai. Lakini nilipomwona anavyokwenda, mabega yameanguka, kwa nyuma anafanana na kaka yake kabisa. Sikuitaka picha hiyo. Nilitaka kumdharau kwa raha zangu.

Wala dharau haijapungua. Ipo, nzima. Sasa mtu ameshashindwa, mimi niipeleke wapi?