Hesabu za Mwalimu Nakeno

Lodwar, 2 Februari 1975

Baba Mutua,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi na watoto tu wazima, ni joto tu linalotuchoma. Kifua chako kimepona?

Ekuru wa lori la misheni alipita hapa, nikampa chai, naye akanipa habari. Ati jioni unakaa dawati moja na mwalimu Nakeno mkifanya hesabu. Hesabu gani, na wewe hapa ulikuwa unasinzia kabla sijamaliza Zaburi? Nieleze hiyo hesabu. Nikiielewa, nitanyamaza. Nisipoielewa, nitajua hakuna hesabu.

Mama Mutua

Kakuma, 16 Februari 1975

Mke wangu,

Nashukuru hamjambo. Kifua kimepoa.

Ni mtihani wa kazi yetu ya maji. Nikipita, narudishwa Lodwar, kwako. Kinachonishinda ni namba za hasi, zile za chini ya sufuri. Mwalimu anasema hasi mara hasi ni chanya. Na tunakaa dawati moja kwa sababu kitabu ni kimoja.

Baba Mutua

Lodwar, 2 Machi 1975

Baba Mutua,

Watoto wanalala vizuri, Mungu ni mwema. Mimi ndiye nisiyelala.

Kwa hiyo dhambi mara dhambi, mtu anaingia mbinguni? Nilimuuliza katekista, akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo msichana anakuchezea, au wewe unanichezea mimi. Ati kitabu ni kimoja! Sijaelewa, na nilishakwambia maana yake.

Mama Mutua

Kakuma, 6 Aprili 1975

Mama Mutua mpenzi,

Ejok? Hamjambo, kama wasemavyo Waturkana? Nimekawia kwa sababu nilitaka nielewe kwanza mwenyewe.

Acha dhambi, shika maji. Kisima chetu hapa kwenye mchanga wa mto Tarach kinashuka shibiri mbili kila siku. Kushuka ni hasi. Siku zijazo ni chanya, zilizopita ni hasi. Baada ya siku tatu maji yatakuwa chini zaidi kwa shibiri sita. Sasa geuka nyuma: siku tatu zilizopita yalikuwa wapi? Juu, kwa shibiri sita! Hasi mbili mara hasi tatu, chanya sita. Ni Nakeno aliyenionyesha, pale pale kisimani. Sitakudanganya.

Baba Mutua

Lodwar, 13 Aprili 1975

Baba Mutua,

Sisi wazima, sijui wewe.

Nilishuka na jirani yetu Akuwam kwenye kisima cha hapa mto Turkwel. Akanionyesha kwenye ukuta wa mchanga unyevu ulipoachwa na maji ya juzi. Unanifika kiunoni! Nimeelewa. Hesabu ipo, nisamehe kwa hilo.

Lakini sasa siwezi kuiacha. Kila mwezi unaokaa huko, unanipungukia kidogo. Nikihesabu miezi kwenda nyuma, unajaa, unajaa, mpaka siku ile kanisani na koti lako la kuazima. Kwenda mbele naogopa kuhesabu.

Na hapo kisimani, hukusema mlikuwa na nani mwingine.

Ijumaa napanda lori la Ekuru. Watoto watabaki na Akuwam. Mwambie mwalimu asijisumbue kutafuta dawati lingine, hilo moja linatosha. Nitaketi katikati.

Mkeo,
Mama Mutua