Ghala Lisilopumua

Laare, 19 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko mawe ya mto Thuci. Mimi ni mzima, shangazi Angeline ni mzima, na baridi ya huku Nyambene ndiyo nzima kutushinda sote. Mguu wa Mama umepoa? Na masikio yako je? Mama anasema ukiwekewa simu unasikia upepo tu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Njiru atakuletea barua hii na lori lake akija huko kuchukua mizigo.

Baba, nimepata! Fundi Kaimenyi amekubali kunifunza kazi ya bati. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akaniuliza, "Wewe msichana wa ndengu, umewahi kushika nyundo?" Nikamwambia nimeshika jembe. "Basi sahau jembe. Udongo unasamehe. Bati ukilipiga na hasira, halisahau."

Ana mashine mbili mpya hapa, moja ya kukunja na nyingine ya kuviringisha, lakini haniruhusu hata kuziegemea. Kwanza mikono, anasema. Kwa hivyo nina makasi, nyundo ya mti na kipande cha reli. Unakunja ukingo mmoja huku, mwingine kule, unashikanisha kingo hizo kama vidole vya mikono miwili, halafu unaziponda polepole mpaka zilale. Huo ndio mshono. Vidole vyangu vimejaa plasta na sijawahi kufurahi hivi.

Kitu changu cha kwanza kilikuwa kopo. Nilikata bati sawasawa na kipimo, nikasahau kwamba mshono nao unakula bati. Kopo likatoka jembamba, mfuniko ukalikalia kama kofia ya kuazima. Kaimenyi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalipigilia hapo hapo ukutani. Ndiyo desturi ya karakana yake: kila mwanafunzi, kitu chake cha kwanza kuharibu kinaangikwa, hakishuki. Hata faneli yake mwenyewe iko pale, imepinda ajabu.

Najua tuliagana vibaya. Ulisema Riungu ananiwekea nafasi katika duka lake la dawa za mifugo mpaka mvua ya Oktoba, na kwamba bati ni kazi ya kelele. Niachie hiyo miezi, Baba. Nakuomba.

Binti yako,
Wambura


Ishiara, 9 Juni 2024

Binti yangu Wambura,

Barua yako imefika ikinuka miraa, nikajua imetoka kwako. Hapa hatujambo. Mguu wa mama yako umepona, na sasa anautumia kunifuata shambani aniambie nakosea. Masikio ni yale yale. Kengele ya kanisa naiona tu ikitikisika. Maganda ya ndengu yameanza kuwa meusi, Mungu akipenda tutavuna vizuri.

Njiru ameniambia huyo Kaimenyi wako anatengeneza maghala ya bati ya kuwekea nafaka. Nilicheka nikakohoa. Mwanangu, nusu ya ikumbi za Ishiara nimezisuka mimi. Ghala la fito, kinyesi cha ng'ombe, paa la nyasi, na mawe chini. Nikimaliza naweka kiganja ukutani. Nikisikia upepo unapita katikati ya fito, najua chakula kitalala salama. Ghala lisilopumua huzika chakula. Hilo nilifundishwa na babu yako, na hakuna aliyewahi kunirudishia ikumbi.

Lakini mimi si mtu wa kukataa kitu ambacho sijakiona. Nitengenezee moja, kwa mikono yako, si ya Kaimenyi. Nitatia humo ndengu zangu za mbegu, zote. Mvua ya Oktoba ikinikuta na mbegu nzima, kaa na bati lako, sitamtaja Riungu tena. Fukusi wakizifanya unga, unarudi nyumbani na unasimama kwa Riungu kuuza dawa ya kupe. Mama yako amesikia, ndiye shahidi.

Kula vizuri. Baridi hiyo isikuonee.

Baba yako,
Ireri


Laare, 14 Julai 2024

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa shahidi wako. Natumaini mmevuna na migongo bado inanyooka. Sisi tu wazima, ila leo siwezi kueleza habari za afya kwa urefu kwa sababu NIMESHIKA MASHINE!

Nilipomwonyesha Kaimenyi barua yako, aliisoma mara mbili, akasema, "Mzee ametupa mtihani." Akanipeleka kwa mashine ya kuviringisha. Ni magogo matatu ya chuma na mkono wa kuzungushia. Unaingiza bati likiwa bapa kama meza, unazungusha, linatoka upande wa pili limejikunja lenyewe. Mara ya kwanza nilikaza sana kwa pupa, likajikunja kama chapati. Kaimenyi akasema, "Mashine ni nguvu tu. Haina akili ya kukuzidi. Kaza kidogo, zungusha, tazama, kaza tena." Nikafanya hivyo, na duara likatoka safi. Baba, nilipiga kigelegele mpaka wauza miraa wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza kama kuna harusi.

Mishono ya ubavu nilikunja kwa mashine. Kitako na shingo nilifanya kwa nyundo, maana hapo mashine haifiki. Halafu nikapitisha lehemu kila mahali. Hakuna mkono mwingine uliogusa ghala hili, hata Kaimenyi alijifunga mikono mgongoni akanipigia kelele tu.

Njiru analileta. Sikiliza sasa, nakuomba. Kausha ndengu vizuri, uzing'ate. Zikivunjika kwa sauti ziko tayari, na kama husikii, mwambie Mama azing'ate. Liweke ndani ya nyumba, juu ya mbao, jua lisiliguse. Jaza, simamisha mshumaa unaowaka juu ya ndengu kwenye kisahani, funika, ufunge mfuniko na ule mpira wa baiskeli niliouweka ndani. Mshumaa utakula hewa yote uzimike, na fukusi watakufa pamoja nao. Usifungue mpaka siku ya kupanda.

Naogopa na nina furaha, sijui ipi imezidi.

Binti yako fundi (karibu),
Wambura


Ishiara, 4 Agosti 2024

Wambura binti yangu,

Tunakusalimu sote. Tuna afya, mavuno yalikuwa mazuri.

Ghala limefika. Njiru alipolishusha watu walikuja kana kwamba ni mgeni kutoka ng'ambo. Ngari jirani yetu alitaka kujitazama humo anyoe ndevu. Nimepitisha kidole kwenye mshono wote, kutoka juu hadi chini, natafuta mahali pa kukulaumu. Sikupata. Mama yako alinicheka kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti.

Ndengu tumeng'ata, tumejaza, mshumaa tumewasha, mpira tumefunga. Yote kama ulivyosema.

Jambo moja tu, na usione aibu, kila fundi mchanga husahau kitu. Nilipoweka kiganja sikusikia upepo hata kidogo. Umesahau kuacha mahali pa kupumulia! Sikutaka uchekwe, kwa hivyo nimekurekebishia. Nimetoboa tundu chini karibu na kitako, kwa ule msumari mkubwa wa paa. Sasa linapumua vizuri. Sitamwambia mtu.

Baba yako anayekupenda,
Ireri


Laare, 7 Agosti 2024

Baba!

Shikamoo, natumaini mko salama, maana ghala haliko salama!

Halitakiwi kupumua! Ikumbi yako inapumua kwa sababu inakausha. Hili langu linafanya kazi kwa kunyima hewa. Hapo ulipotoboa, fukusi wamefunguliwa mlango na kukaribishwa chai. Nimesoma barua yako nikalia, kisha nikamsomea Kaimenyi, akacheka, kisha nikacheka na mimi, kisha nikalia tena. Hizo ni mbegu zako zote!

Siwezi kuja. Tuna kazi ya masanduku ya wanafunzi na shule zinafunguliwa, Kaimenyi peke yake hawezi. Na usizibe kwa sabuni, itakauka. Nta itayeyuka na joto la Ishiara. Udongo panya atachimba. Ni lehemu tu. Kwa hivyo, Baba, utalehemu wewe.

Ndiyo, wewe. Mikono inayosuka fito haiwezi kushindwa na kiraka. Njiru anakuletea chuma cha kulehemu (kile chenye kichwa cha shaba), risasi ya kuyeyusha, kichupa cha asidi, msasa, na vipande vya bati vya kujifunzia. Mwaga ndengu zote, pepeta, zianike tena. Sugua kwa msasa kuzunguka tundu, na kiraka pia, mpaka ving'ae. Tone moja la asidi, uso ukiwa mbali, na nje kwenye upepo. Chuma kiweke kwenye makaa mpaka moto unaozunguka shaba uwe wa kijani. Halafu gusisha bati, usiharakishe. Bati likipata moto, risasi itakimbia yenyewe. Ukiisukuma haitakwenda.

Jaribu kwenye vipande kwanza. Tafadhali, Baba. Nimeshaanza kuota dawa ya kupe.

Wako,
Wambura


Ishiara, 25 Agosti 2024

Mwalimu Wambura,

Hatujambo, ila mkono wa shati langu la Jumapili una tundu la moto. Mama yako anasema hilo nalo nilitie kiraka cha bati.

Tulipomwaga ndengu tulikuta fukusi wachache wameanza kutembea. Tumepepeta, tumechagua moja moja, tumeanika.

Kisha nikawasha makaa. Kiraka cha kwanza kilianguka kama kigaga. Nilikuwa nimepaka bati mafuta ya mbuzi kwanza! Fito ndivyo tunavyozilainisha kabla ya kupinda, na mkono ukaenda wenyewe, kichwa hakikuulizwa. Nikarudi kwa barua yako, nikasoma tena pale pa msasa, nikasugua mpaka nikajiona.

Mara ya pili nilingoja kijani. Nikagusisha. Nikangoja, nikangoja, nikataka kusukuma, nikakumbuka. Wambura, ile risasi ilikimbia! Ilizunguka kiraka kama maji yanavyofuata mfereji, ikang'aa, ikalala. Nilipiga kelele hata mimi nikajisikia. Ngari alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamwonyesha kiraka, akaniuliza kama hicho ndicho cha kupigia kelele. Yeye ataelewa nini.

Tumejaza tena, mshumaa mpya, mpira. Nikaweka kiganja changu kwenye kiraka. Hakuna upepo. Miaka yangu yote nimetafuta upepo kwa mkono huu, na leo nimemshukuru Mungu kwa kuukosa.

Sasa tungoje. Makubaliano ni yale yale, lakini nimemwambia shahidi kwamba zikiharibika, ni mimi niliyetoboa.

Baba yako,
Ireri


Laare, 27 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Mko wazima? Kwa nini mko kimya? Njiru amepita hapa mara kadhaa mikono mitupu. Namuuliza kama ghala limefunguliwa, ananijibu, "Mzee amesema nisiseme," kisha anajifanya anakagua tairi. Mama nikimpigia anasema, "Baba yako ataandika," anakata.

Najua mvua imenyesha huko. Kwa hivyo najua mmepanda, au hamna cha kupanda. Kimya chako nakielewa, Baba. Usiogope kuniambia. Uliposema ni wewe uliyetoboa ulinipa moyo, lakini makubaliano niliyakubali mwenyewe, na mbegu hazijali ni nani aliyetoboa. Nimetengeneza sanduku zuri, la bati la buluu lenye kufuli, na nimepanga nguo zangu ndani. Kaimenyi amelisogeza sanduku nyuma ya mashine ya kukunja, na kila nikilitoa analirudisha.

Niandikie, hata neno moja.

Binti yako,
Wambura


Ishiara, 10 Novemba 2024

Binti yangu,

Toa nguo kwenye hilo sanduku.

Nisamehe kwa kukuchelewesha. Tulilifungua ghala mvua ya kwanza ilipopiga. Mama yako ndiye aliyetia mkono. Alitoa ndengu za kijani, zinateleza, hazina hata alama ya sindano. Alicheza kwa mguu ule ule uliokuwa mgonjwa. Lakini mimi nikasema, ngoja. Mbegu inaweza kuwa nzuri usoni na imekufa moyoni, na bati ni kitu kigeni kwangu. Sikutaka kukuandikia habari nusu. Nilizipanda zote, nikakaa.

Jumatatu nimetoka asubuhi, shamba lote limepasuka. Zimeota mstari kwa mstari, mpaka kwenye mpaka wa Ngari, na za Ngari, alizozihifadhi kwenye ikumbi niliyomsukia mimi, zina mapengo kama meno ya mzee. Nimesimama hapo nimevua kofia. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Riungu amempa nafasi ile mtoto wa Ngari. Nilikwenda kumwambia mimi mwenyewe. Nikamwambia binti yangu ana kazi.

Ngari anataka ghala, na mwalimu wa shule ya Jumapili, na wengine wawili. Wote wanauliza kama litakuja na tundu. Wataniudhi mpaka Krismasi. Mimi nitawasukia vibanda vya nyasi vya kuyatia maghala hayo kivuli, wale wasio na nafasi ndani ya nyumba. Chuma chako cha kulehemu hakirudi huko, usikingoje. Sufuria za nusu ya Ishiara zinanitegemea. Niletee risasi.

Humu ndani ya bahasha nimetia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ni kile kiraka changu cha kwanza, kilichoanguka, bado kina mafuta ya mbuzi. Mpe Kaimenyi na umwambie Ireri wa Ishiara anaomba nafasi ukutani, karibu na lile kopo.

Baba yako na mwanafunzi wako,
Ireri