Nimemzika Mzee Aliye Hai, na Binti Yake Anauliza Kaburi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi, kwa sababu nimemuua mtu kwa kalamu, na mtu mwenyewe jana alikaa mbele yangu akinywa chai yake ya majani ya yerba, akaniambia nisihuzunike sana, yeye keshazoea kufa.

Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari mwaka wa tatu, nimetoka mkoani Tacuarembó kuja mji mkuu, Montevideo, na chuo kimenipeleka mafunzo kwa vitendo katika jarida moja la michezo ambalo sitalitaja, ingawa wiki hii nchi nzima imelitaja. Wiki za mwanzo kazi yangu ilikuwa kujaza maji ya moto kwenye chupa ya chai ya ofisi na kuhakiki matokeo ya ligi za mikoani, kisha siku moja bosi, Bwana Barreiro, akapita mezani kwangu na simu sikioni, akaifunika kwa kiganja akasema, "Binti, Marehemu anatimiza themanini Jumamosi hii. Niandikie kurasa mbili, za moyo, watu walie," akaenda zake.

Sasa Mshauri, mimi ningejuaje? Kila mtu pale anamwita hivyo, Marehemu huku, Marehemu kule, nami nikafukua magazeti ya zamani nikakuta ni kipa, Waldemar Techera, na magazeti yenyewe yanasema Marehemu alidaka hivi, Marehemu aliruka vile, na moja lina picha yake amelala golini, padri amepiga magoti kando yake, na juu yake maandishi makubwa, "Siku Techera Alipokufa". Nikalia, nikaandika. Sikujua kwamba siku ile aligonga kichwa kwenye nguzo ya goli, padri akashuka jukwaani kumpaka mafuta matakatifu, na kabla ya amina mtu akafumbua macho akauliza penalti inapigwa lini, akaidaka, na jina la Marehemu likamganda tangu hapo. Hayo yalikuwa kwenye ukurasa uliofuata, ambao sikuufungua kwa kuwa machozi yalikuwa yamenitosha.

Nikaandika kwamba "angetimiza" themanini. Pocho, anayepanga kurasa, akaniuliza, "Tumwekee utepe mweusi pembeni?" nikamjibu ndiyo, kwani hilo ni la kuuliza, akacheka mpaka akashika meza, "We mtoto una utani mbaya, nakupenda bure," nami nikamwona hana adabu. Bosi alisoma kichwa cha habari na aya ya kwanza, maana ilikuwa wiki ya mechi ya watani wa jadi, akasema safi, peleka.

Jarida likatoka, redio zikadaka kwetu, na Jumapili klabu yake ya zamani ikatangaza dakika moja ya kimya kabla ya mechi, wachezaji wamefunga vitambaa vyeusi mikononi, na Mzee Techera alikuwa jukwaani pale pale anapokaa siku zote, akavua kofia kwa heshima kama wenzake, akamnong'oneza jirani yake, "Nani katutoka?" Jirani akageuka, akamtazama, akazimia.

Kesho yake akaja ofisini. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Akasema kwa upole, "Samahani binti, namtafuta aliyenizika." Bosi akatoka chumbani kwake akawa mweupe kama chaki, na Pocho, asiyejua pa kunyamaza, akasema, "Mzee, hata kwenye tanzia yako umechelewa kutoka golini!" Mzee akamjibu, "Nilikuwa nangoja mabeki wafanye kazi yao, mwanangu, kumbe mabeki ndiyo nyinyi." Kisha akaniambia nimeandika vizuri, kwamba hata marehemu mkewe hakuwahi kumsifu hivyo. Bosi akatamka kuwa masahihisho yatatoka toleo lijalo, mistari miwili, chini ya matokeo ya mashindano ya njiwa, akanigeukia: "Na wewe usimjibu mtu yeyote. Mwanafunzi hana mdomo hapa. Unataka nikusainie mafunzo yako au hutaki?"

Hadi hapo ilikuwa aibu, na aibu haiui. Lakini nilipofungua barua pepe ya ofisi nikakuta ujumbe ulioandikwa kwangu kwa jina: "Mimi ni Nibia Techera. Nimesoma ulichoandika kuhusu baba. Hakuna aliyenipigia simu, wala sishangai. Jumamosi asubuhi navuka kwa meli kutoka Buenos Aires. Sitaki misa. Niambie tu kaburi liko wapi."

Nikakimbilia nyumbani kwa mzee, nikamwonyesha, akausoma akausoma tena, na huyo mtu aliyechekea kifo chake mwenyewe mikono ikaanza kumtetemeka. Akaniambia hawajasemezana tangu alipozikwa mama yake Nibia, maana mazishi yaliangukia siku ya fainali, yeye wakati huo akifundisha makipa, akaenda uwanjani akidhani atawahi makaburini, hakuwahi, na binti alitupa udongo peke yake. Nikasema basi mzee, namjibu sasa hivi kwamba uko hai. Akanishika mkono. "Usithubutu. Mwandikie anwani ya hapa nyumbani. Mwambie ndipo nilipo."

"Mzee, ameuliza kaburi!"

"Nikiwa hai nimemwandikia, hajibu. Nimemtumia watu, anawafungia mlango. Nimekufa mara moja tu, kakata tiketi ya meli. Wewe umenifanyia jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza, sasa unataka kuliharibu kwa ukweli?"

Nilipoondoka alikuwa anatafuta pasi anyooshe shati.

Mshauri, silali. Nikimwambia ukweli hatakuja, na hapo ndipo nitakuwa nimemuua mzee kweli kweli, na nikinyamaza atashuka melini na maua yake akutane na maiti imesimama mlangoni, na bosi naye amenifunga mdomo. Nifanye nini?

Aliyemzika Mzima,
Montevideo


Binti yangu,

Nimeicheka barua yako mpaka nikapaliwa. Halafu nikafika pale binti anapouliza kaburi, kicheko kikanikwama na bado hakijateremka.

Nikukaripie kwanza, maana hilo ni fupi. Marehemu hawatimizi miaka. Walishatimiza. Bosi alipokwambia Marehemu anatimiza themanini, masikio yako yalipaswa kusimama kama ya sungura. Simu moja tu, binti, na angepokea mwenyewe! Ila sitakubebesha peke yako. Kuna aliyesoma aya moja akasema safi, kuna aliyecheka badala ya kuuliza. Kosa hili lina wazazi watatu, basi tu wewe ndiye uliyeachiwa mtoto mgongoni.

Sasa huyo mzee. Namhurumia, na kwa sababu hiyo hiyo usimsikilize. Anadhani binti yake amekata tiketi kuja kwake. Soma tena ule ujumbe: hataki misa, hataki ndugu, anataka kaburi. Huyo mwanamke anakuja kusimama mbele ya jiwe lisilojibu, alimwagie yote yaliyomkaa kooni miaka hii, kisha arudi kwake akalale. Wewe umpe anwani, agonge, jiwe limfungulie likiwa limevaa shati lililopigwa pasi? Binti, wewe ni mwanafunzi lakini huo ni ukatili wa watu wazima. Siku ile makaburini baba yake hakuwepo alipohitajika. Jumamosi atakuwepo asipohitajika, tena kwa hila. Nibia akimfungia mlango safari hii hata mimi nitamsaidia kusukuma.

Usiniambie mzee ameshafanya uamuzi. Anaweza kuamua mambo yake, hata kufa kwake kama kunamfurahisha. Lakini machozi ya binti yake si mali yake.

Basi mpigie simu. Usimwandikie, mambo kama haya hayasomwi, yanasikiwa. Namba yake itafute, si unasomea kazi hiyo? Mwambie hivi: "Mimi ndiye niliyeandika. Nilikosea. Baba yako yuko hai." Ukishasema, nyamaza. Atapiga kelele, au atacheka, au atakata simu. Akikata, usipige tena. Usimwombee mzee msamaha, usimwambie amezeeka, usimwambie mikono ilitetemeka. Hayo ni ya mzee, ayaseme mwenyewe akipata nafasi. Anwani umpe akiomba tu.

Ukitoka hapo nenda kwa mzee siku hiyo hiyo, umwambie usoni ulichofanya kabla hajasikia kwingine. Atakulaumu. Kaa ulaumiwe, usijitetee, wewe umezoea kuzika na kukimbia.

Bosi wako naye ana kitu cha kusikia kutoka kwangu, na najua analisoma gazeti hili kwa sababu wote mnalisoma huku mkijidai mnasoma michezo. Bwana, uliyemzika kwa kurasa mbili humfufui kwa mistari miwili chini ya njiwa. Kurasa mbili zile zile, herufi zile zile, na jina lako juu ya jina la mtoto. Na wewe binti, asiposaini, chukua nakala ya jarida uende nayo chuoni, umwombe mwalimu wako asome mpaka aya ya pili, kisha aulize mhariri alikuwa wapi.

Nimebakiza gumu. Huenda Nibia asije. Lijue hilo kabla hujabonyeza namba, ili lisikuangushie simu mkononi. Jumamosi meli itatia nanga, watu watashuka, na mzee anaweza kukaa dirishani mpaka jioni bila mtu kubisha hodi. Utaona umemuua mara ya pili. Hujamuua. Utakuwa umemrudisha pale alipokuwa kabla ya kalamu yako, na mahali pale alijipeleka mwenyewe siku ya fainali.

Lakini akija, atakuja akijua anamjia nani. Safari ya namna hiyo mzee hajawahi kuipata, na hakuna uongo, hata ulioandikwa kwa moyo, unaoweza kumpatia.

Haya, weka gazeti chini. Piga.