Chuma Kikiwa Bado na Joto

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua kimekupa nafuu. Mimi sijambo, ila mikono inanuka mafuta ya mashine hata niisugue kwa sabuni ya kufulia. Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Miaka sita si mchezo.

Bado nakereza vyuma, katika karakana ya meli kama ile yako. Lakini nafanya kazi ya kupunguza unene tu. Ikifika hatua ya mwisho, ile ya kupima hadi unywele mmoja, nampisha mwingine. Tangu ile shafti ya kuzungushia propela niliyoiharibu mbele ya karakana nzima, siuamini mkono wangu. Ulisema nimekata kupita kiasi, nami sikubisha, kwa kuwa wewe ndiye msimamizi na wewe ndiye baba.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilijilazimisha kupima kipande cha shafti jioni, mara tu kilipotoka kwenye mashine. Asubuhi nikakipima tena, kimepungua unywele mmoja na hakuna aliyekigusa. Jambo hilo nalijua kwa kusikia: chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hurudi. Ila sikuwahi kuliona kwa macho yangu, maana tangu niondoke kwako naikimbia maikromita, kile kifaa cha kupimia unywele. Nilikaa chini palepale. Siku ile uliposhika maikromita ukaniambia, "Bado nene, kata tena," shafti ilikuwa imepoa?

Mwezi ujao inaingia meli kubwa. Msimamizi wetu anataka shafti yake niimalize mimi, mwanzo hadi mwisho. Nikikataa safari hii atanipeleka stoo nikagawe glavu. Nijibu kabla ya hapo.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu Nati,

Marahaba. Au hutaki tena nikuite hivyo? Utotoni ulikuwa unalala na ile nati ya shaba kiganjani, na ukinyang'anywa mtaa mzima unakosa raha.

Kifua hakijambo. Paka wa jirani amehamia kwangu bila kubisha hodi. Siku hizi naota ndoto moja tu. Nimesimama chini ndani ya gudi la kutengenezea meli, maji yameshatolewa, meli iko juu yangu, inadondosha maji tone tone kutoka tumboni. Kisha wanafungulia maji. Yananifika magotini, kiunoni, wala siogopi. Propela inaanza kuzunguka taratibu karibu na uso wangu, haitoi sauti, nami nimetega sikio tu.

Hayo uliyouliza ni ya zamani, mwanangu, na kichwa changu kimechoka. Usisahau kuvaa miwani ya kazi.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu ni nzuri, na paka msalimie.

Ndoto yako nimeisoma mara nne nikitafuta jibu ndani yake, halimo. Meli imeshaingia. Maji yalipotolewa gudini nilishuka nikatembea chini yake peke yangu, nikapitisha kiganja kwenye ubavu wake wenye konokono wa baharini walioganda. Kulikuwa kimya hata nikasahau kama kuna mji huko juu. Mimi nami naota. Shafti isiyo na mwisho inazunguka polepole, maganda ya chuma yanajikunja na kunifunika hadi shingoni, yana joto, nasikia raha. Kisha unaingia na maikromita, naamka.

Nimeomba siku kumi za kufikiri. Sitaki kukuaibisha, Baba. Nataka tu kujua kama mkono huu ni mzima.

Mwanao


11 Aprili

Nati, mwanangu,

Leo salamu zitangoja. Shafti ilikuwa na joto.

Nilijua. Niliigusa mwenyewe, ilikuwa kama kikombe cha chai. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimejigamba pale stoo kwamba binti yangu atamaliza kazi kabla king'ora hakijalia. Saa zikayoyoma. Nikapima hivyo hivyo, nikakwambia ukate. Kesho yake ilipokuwa imepoa, nyembamba mno, ikicheza ndani ya beringi, watu wote wakanitazama mimi, nami nikakutazama wewe. Neno likanitoka kwamba umekata kupita kiasi, na miaka sita nimeshindwa kulirudisha.

Juzi nilivaa ovaroli yangu ya kabla sijastaafu, haifungi tena tumboni, nikaenda karakana. King'ora cha mapumziko kilipolia nikapanda juu ya sanduku la vifaa nikasema yote. Nilitaka wanizomee. Badala yake mtunza stoo, yule yule niliyejigamba kwake, akavua kofia akasema, "Tulijua siku ile ile, mzee. Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

Miaka yote hiyo wamekuwa wakiniamkia kwa heshima, na huku wanajua. Nimelia njia nzima kurudi nyumbani.

Mkono wako ni mzima, na siku ile ulikuwa mzima. Kosa ni langu, na kunyamaza ni kwangu. Nisamehe ukiweza.

Baba yako


24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Kifua je?

Barua yako ilinikuta mlangoni nikienda kazini. Nilikasirika wiki nzima, usidhani sikukasirika. Jirani aliniuliza nani kanikosea, nikamjibu vibaya. Hata sasa hasira haijaisha.

Lakini kazi ya shafti niliichukua. Nilimaliza jana saa tisa alasiri. Msimamizi akaja mbio, wenye meli wanasubiri, akataka nipime palepale. Nikamwambia hapana, ilale kwanza. Akanuna. Nikaifunika kwa turubai nikaenda zangu.

Leo asubuhi shafti ilikuwa baridi kiasi cha kuuma viganja. Nikapima sehemu tatu, kila moja mara tatu. Iko sawasawa. Nilicheka peke yangu pale mashineni, na ningekuwa na mtu wa kumshika mkono ningemshika.

Jumamosi ijayo wanafungulia maji. Meli ikishaelea wataizungusha propela taratibu kuijaribu. Ukingoni mwa gudi kuna nafasi ya watu wawili. Njoo na ile ovaroli, hata isipofunga.

Wako,
Nati