Bangili za Mama Mwenyeji

Kilosa, Jumapili

Dada Zaina, shikamoo. Mimi mzima, ugali na mlenda vimeninenepesha.

Leo mwalimu wa hapa kijiji cha ujamaa alitupigia, pamoja na wanafunzi wake, muziki usio na maneno, alioutunga kutokana na hadithi ya kale ya Sumeri. Mungu wa kike anateremka kuzimu, na kwenye kila lango anavuliwa pambo moja. Basi kila lango ala moja ilinyamaza, mpaka likabaki zeze. Nalo likanyamaza.

Mama mwenyeji wangu akavua bangili zake taratibu, kama wafanyavyo hapa msibani. Wenzake nao wakavua. Mara zeze likaanza tena, filimbi ikafuata, ngoma zikaingia.

"Kumbe amerudi," mama akaninong'oneza. "Sasa hizi nizifanyeje?"

"Zivae, mama."

Akazivaa huku akicheka, akainuka kucheza.

Nikakukumbuka wewe. Eda ya marehemu shemeji ilikwisha zamani, na bangili zako bado ziko kashani. Zivae, dada, hata kwa kwenda sokoni tu. Siku nikishuka stesheni, nataka nizisikie kabla sijakuona.

Mdogo wako,
Rehema